Kobe wa Miguu Mitano

Kazi yangu ni kupima mizani.
Kila mwaka kabla ya msimu wa korosho natumwa ghala hadi ghala
na sanduku la mawe ya chuma,
nihakikishe kilo ya Tandahimba ni kilo ya Nachingwea.
Hiyo ndiyo safari ninayolipwa posho.

Safari nyingine imo mfukoni mwa shati:
daftari, kidau cha wino wa zambarau,
na muhuri niliouchonga kwa kisigino cha kandambili,
mizani, sahani moja juu, moja chini,
maana jioni, kazi ikiisha, nina ruhusa ya kupunja.

"Unatafuta kopo?"
Ndiyo, kopo.
"Lina nini ndani?"
Daftari na muhuri.
"Halafu?"
Nagonga wangu kwenye daftari lao, wao kwenye langu,
nafunika, nafukia, naondoka.
Mlinzi wa ghala la Mahuta alinitazama
kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.

Mikindani nililikuta kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe.
Lindi, nyuma ya mashamba ya chumvi, ndani ya bomba lililokufa.
Ndanda, siafu walifika kabla yangu.
Na kila daftari nililofungua, yupo aliyenitangulia:
kobe, wino mwekundu, miguu mitano.
Wiki mbele yangu. Siku mbili.
Mara moja asubuhi ileile,
wino mbichi ukanihamia kidoleni.
Mimi nina pikipiki, na miaka mitatu simfikii kobe.

Newala, fumbo hutunzwa na Mchekenje, muuza chai wa sokoni.
Huoneshwi karatasi mpaka ununue andazi.

   *Toka mnarani hapa, hatua sabini nenda,*
   *Jua kali likichapa, mkorosho umetanda,*
   *Chini yake jiwe bapa, linalala kama punda,*
   *Mji wako utanipa, ukishindwa ukaenda.*

Jua lipi?
Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma
ukameza mnara, mikorosho na mikono yangu.
Nilihesabu sabini nikamkuta mbuzi.
Nikahesabu tena, nikamkuta yuleyule, amechoka na mimi.
Nikarudi, nikatoa mji.
Mchekenje akaandika kwa chaki mlangoni pake: MTWARA,
chini ya Masasi ya mtu, chini ya Songea ya mtu.
Mwaka mzima nimelala Shangani kwangu kama mpangaji.

Leo jua lipo.
Jiwe lipo, kweli limelala kama punda,
na juu ya punda amekaa mama mmoja wa makamo,
marobota mawili ya kanga kando yake, ya kuuza gulioni,
kidole gumba chekundu.
Salamu ilinipotea. Nikamwonesha gumba langu la zambarau.

"Kumbe ndiye wewe, mizani mbovu!"
"Kumbe ndiye wewe!"

Somoe Chitanda, wa Nanyamba.
Nikamuuliza lililonikaa kooni miaka yote:
mguu wa tano, una maana gani?
"Huo mkia, baba. Kisu kiliteleza."

Na mimi nilikuwa nimeshaujengea falsafa.

Tukagonga mihuri mgongoni mwa punda,
kobe ubavuni mwa mizani, wino ukivuja kidogo pembeni.
Akataka kunitajia kopo jipya la Kitangari lilipo.
Nikaziba masikio: nifumbie, usinielekeze.
Akafikiri, akafungua kanga moja, akanisomesha jina lake,
akaikunja, akasema, "Ndiyo hiyo. Tafuta."
Kisha gari la mnadani likapiga honi, akashuka mbio,
robota kichwani, robota mkononi,
mbio kabisa, kobe yule.

Sokoni nilimwonesha Mchekenje ukurasa.
Aliukagua kwenye mwanga, upande huu, upande huu,
akalowesha kitambaa kwa chai iliyobaki
na kuanza kunifutia mji wangu,
M, T, W,
mteja akaita, akaenda.

ARA nimemwachia.